Kijiji cha Indonesia kilichopunguza watalii, mapato yakapanda

Mwaka 2014, kijiji cha Nglanggeran katika kisiwa cha Java, Indonesia, kilipokea zaidi ya watalii 325,000. Hiki ni kijiji cha wakulima chenye vitongoji vitano tu. Siku za mapumziko magari yalijaa, takataka zikajaa, na njia ya kupanda mlima ikachoka kwa kukanyagwa.

Sehemu nyingine wangeshangilia na kutafuta namna ya kufikisha watalii nusu milioni. Nglanggeran wakafanya kinyume. Walipandisha kiingilio, halafu wakaelekeza nguvu kwa mgeni anayelala kijijini, si yule anayekuja kupiga picha mbili na kuondoka.

Miaka miwili baadaye, 2016, watalii walishuka hadi karibu 173,000, yaani karibu nusu. Mapato je? Yalipanda kutoka kama rupia bilioni 1.4 za Indonesia hadi bilioni 1.8, sawa na takriban dola 135,000 za Marekani kwa viwango vya wakati huo.

Ukipiga hesabu, mwaka 2014 kila mgeni aliacha wastani wa rupia 4,300 hivi. Mwaka 2016 aliacha zaidi ya rupia 10,000. Wageni wachache, hela nyingi, na mlima ukapata nafasi ya kupumua.

Desemba 2021, Shirika la Utalii Duniani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwa mara ya kwanza orodha ya vijiji bora vya utalii. Vilikuwa 44 kutoka nchi 32, na Nglanggeran kikawa kimojawapo.

Sasa, kijiji hiki kikoje, mgeni atakuta nini, na mwenye mtaji ana nafasi gani? Haya ndiyo ya kujua.

Kiko wapi?

Nglanggeran kiko wilaya ya Gunungkidul, katika Mkoa Maalumu wa Yogyakarta, kusini ya kati ya kisiwa cha Java. Kutoka Yogyakarta mjini ni kama kilomita 25, mwendo wa saa moja kwa gari kwa kuwa barabara inapanda milima yenye kona nyingi.

Mkoa huu una jambo la kipekee. Indonesia ni jamhuri, lakini Yogyakarta bado ina sultani, na sultani huyo ndiye gavana wa mkoa. Likumbuke hili, kwa sababu litarudi tukifika kwenye suala la ardhi.

Wenyeji ni Wajava, na wengi wao ni Waislamu. Wanalima mpunga, kakao na matunda, na wanafuga mbuzi. Utalii umekuja juu ya kilimo, haukukiondoa.

Mlima ambao zamani ulikuwa volkano

Kinachovuta watu kwanza ni mlima wenyewe. Wenyeji wanauita Gunung Api Purba, maana yake "volkano ya kale". Ulilipuka mamilioni ya miaka iliyopita, ukazimika, na leo kilichobaki ni miamba mikubwa ya kijivu iliyosimama wima kama kuta. Kilele kiko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari.

Njia ya kupanda inapita katikati ya miamba. Kuna sehemu ufa ni mwembamba kiasi kwamba mtu mnene lazima apite ubavu. Mtu wa kawaida hufika juu kwa saa moja hadi moja na nusu. Hali ya hewa ikiwa safi, ukiwa kileleni unauona mlima Merapi upande wa kaskazini, volkano ambayo bado iko hai na inalipuka mara kwa mara.

Mlima huu umo ndani ya Gunung Sewu, eneo la miamba na mapango lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2015 kuwa hifadhi ya kimataifa ya jiolojia.

Jina la kijiji nalo lina hadithi. Wenyeji husimulia kwamba zamani watu walimwalika fundi wa michezo ya vivuli, ile ya vinyago vya ngozi inayoitwa wayang, aje kusherehekea mavuno. Baadhi yao wakafanya utundu, wakataka kuharibu vinyago vyake. Fundi akakasirika, akawalaani wakageuka vinyago. Ndiyo maana, wanasema, jina linatokana na neno la Kijava lenye maana ya kuvunja mwiko.

Vijana walioanza na miche

Ukiona msitu ulivyo leo, ni rahisi kudhani umekuwepo siku zote. Si kweli. Miaka ya 1990 mlima ulikuwa mkavu na wenye upara. Watu walikata miti, na wengine walichonga mawe ya mlima kuyauza kwa ujenzi. Vijana wengi waliondoka kutafuta kazi mijini, na wengine nje ya nchi.

Mwaka 1999 kundi la vijana wa kijiji lilianza kupanda miti kwenye eneo la mlima la hekta 48 hivi. Hakukuwa na mwekezaji wala mradi mkubwa. Walianza na miche na mikono yao, na kiingilio cha mwanzo kilikuwa kidogo mno.

Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko kubwa liliipiga Yogyakarta na kuua zaidi ya watu 5,700 katika mkoa huo na jirani yake. Katika miaka iliyofuata, kijiji kiliunda chombo rasmi cha kusimamia utalii, kikiwakutanisha vijana, wazee, akina mama na serikali ya kijiji.

Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Tiketi haikuwa ya kampuni ya nje wala ya tajiri mmoja. Ilikuwa ya kijiji, na kijiji ndicho kilichopanga bei. Kwa hiyo umati ulipofika mwaka 2014, wenye kuamua wapunguze au waongeze walikuwa ni haohao wanaoishi chini ya mlima.

Bwawa juu ya kilima

Gunungkidul inajulikana Java nzima kwa ukame wa kiangazi. Ndiyo maana mwaka 2013 lilizinduliwa bwawa la kukinga maji ya mvua juu ya kilima kilichochongwa kileleni. Kwa Kiindonesia bwawa la aina hii huitwa embung. Kazi yake ya msingi ilikuwa kumwagilia shamba la matunda la hekta 20 hivi, lenye doriani na kelengkeng, tunda dogo la ukoo mmoja na shokishoki.

Kilichotokea hakikuwa kwenye mpango. Watu walianza kupiga picha za machweo bwawani, miamba ya mlima ikiwa nyuma yao, na picha zikasambaa mitandaoni. Kufikia 2014 bwawa la wakulima lilikuwa limegeuka kivutio, nao umati ukafuata.

Kiukweli hiki ndicho kinachoponza vijiji vingi. Picha inaleta watu haraka kuliko kijiji kinavyoweza kuwapokea. Mgeni wa picha anaacha kiingilio na chupa tupu ya maji. Halali, hali, hanunui kitu.

Hela inaingiaje nyumbani kwa mtu?

Mgeni anayelala anagusa watu wengi. Nglanggeran wageni hukaa kwenye nyumba za familia. Nyumba ni ya mwanakijiji, chakula kinapikwa na mama wa nyumba, mchele na mboga vinatoka shambani. Anayemwongoza mgeni mlimani ni kijana wa hapohapo.

Wateja wakubwa wa safari hizi ni makundi: wanafunzi wanaokuja kuishi na familia na kujifunza kupanda mpunga, ofisi zinazoleta wafanyakazi, na vijiji vingine vinavyokuja kujifunza namna ya kuendesha utalii. Kundi la watu 40 kwa siku mbili linalisha kaya nyingi zaidi kuliko mabasi matano ya watu wanaopita.

Mwaka 2017 kijiji kilipata tuzo ya utalii wa jamii ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia.

Kakao isiyouzwa ghafi

Utalii pekee ni kamba nyembamba, na kijiji kinalijua hilo. Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa wa kakao barani Asia, na Nglanggeran wamelima kakao kwa miongo kadhaa. Kwa muda mrefu walifanya kama wakulima wengi wa dunia hii: kuvuna, kukausha, kumuuzia mchuuzi, basi.

Mwishoni mwa 2016 kikafunguliwa kiwanda kidogo na duka la chokoleti kijijini, kwa jina Griya Cokelat, yaani "nyumba ya chokoleti". Watafiti wa serikali walisaidia kufundisha kazi, na wizara ya kilimo ilijenga kituo cha teknolojia ya kusindika kakao na maziwa ya mbuzi.

Leo mbegu zinachachushwa, zinaanikwa, zinakaangwa na kusagwa hapohapo. Kinachouzwa ni unga wa kinywaji, peremende laini za kakao na ndizi kavu zilizopakwa chokoleti. Mgeni anaweza kujaribu kutengeneza yake mwenyewe, kwa malipo.

Maziwa nayo yanatoka kwa mbuzi chotara wa Etawa wanaofugwa nyumbani. Mbuzi wanakula majani, samadi inarudi kwenye mikakao, maziwa yanachanganywa na kakao. Hakuna kinachotupwa.

Kitongoji cha familia saba

Upande wa mashariki wa mlima, juu kabisa, kuna makazi yanayoitwa Kampung Pitu. Pitu kwa Kijava ni saba. Kwa mila, ni wakuu saba tu wa familia wanaoruhusiwa kuishi pale. Mtoto akioa au kuolewa, anashuka kujenga kwingine, au anasubiri nafasi ya wazazi.

Watu wa nje huona ni ushirikina. Lakini juu ya kilima chenye ardhi finyu na maji ya kuhesabu, kanuni ya saba imewatunza waliopo. Wazo kwamba mahali pana kikomo si geni kwa watu wa mlima huu.

Ukitaka kwenda: mambo ya vitendo

Usafiri: Uwanja wa kimataifa wa Yogyakarta uko magharibi mwa mji, na kuna treni kutoka uwanjani hadi stesheni kuu ya Tugu, mwendo wa kama dakika 40. Kutoka mjini kwenda kijijini, njia rahisi ni kukodi gari au pikipiki. Usitegemee basi la kukufikisha mlangoni.

Msimu: Kiangazi ni takriban Mei hadi Septemba, na ndicho kizuri kwa kupanda mlima. Mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba hadi Aprili. Miamba ikilowa inateleza vibaya, na radi kileleni si mchezo. Ila masika yana raha yake: mashamba ya mpunga ni ya kijani, na maporomoko ya maji ya Kedung Kandang, ambayo kiangazi hukauka, yanakuwa hai.

Siku: Epuka Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku ya kazi utapata mlima karibu peke yako.

Viza: Masharti hubadilika. Uliza ubalozi wa Indonesia kabla ya kukata tiketi. Upo Dar es Salaam na Nairobi.

Adabu: Vaa nguo za heshima, vua viatu mlangoni, toa na pokea kwa mkono wa kulia. Kwa mtu wa Pwani hakuna jipya hapo.

Lugha: Hapa msemaji wa Kiswahili atatabasamu. Kiindonesia na Kiswahili vyote vilichota maneno kwa Waarabu na Wareno. Meza ni meja, dunia ni dunia, na bendera ni bendera. Mtu akikuuliza "Apa kabar?" anakuuliza "Habari gani?" Kumshukuru mwenyeji wako kwa Kijava, sema "Matur nuwun."

Kwa mwenye mtaji: usianze na kiwanja

Wawekezaji wengi wakiona mandhari nzuri huuliza kwanza: ekari bei gani? Indonesia, swali hilo linakupeleka pabaya.

Kwanza, mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inampa umiliki kamili raia wa Indonesia tu. Mgeni anaweza kupata haki ya kutumia ardhi, na kampuni yenye mtaji wa nje iliyosajiliwa nchini inaweza kupata haki ya kujenga kwa muda maalumu.

Pili, jihadhari na ujanja wa kununua kwa jina la mwenyeji. Mtu anakwambia, "Tuandike jina langu, pesa zako." Sheria hiyohiyo ya 1960 inabatilisha uhamisho wa namna hiyo, na sheria ya uwekezaji ya 2007 imekataza hata hisa za kampuni kushikwa hivyo. Mkikorofishana, aliyeandikwa ndiye mwenye mali, na wewe mahakamani huna pa kushika.

Tatu, Yogyakarta ina ziada yake. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu upekee wa mkoa huo inatambua ardhi ya kisultani, na ardhi ya kijiji haiuzwi. Kuitumia kunahitaji kibali cha gavana, ambaye ndiye sultani. Mwaka 2023 mkuu wa kijiji kimoja katika wilaya ya Sleman, mkoa huohuo, alihukumiwa kifungo katika kesi ya matumizi mabaya ya ardhi ya kijiji. Mwekezaji anayeambiwa "kibali kitakuja baadaye" anafaa kuikumbuka kesi hiyo.

Nne, kiwango cha mtaji. Kwa kawaida kampuni ya kigeni inatakiwa kuwekeza zaidi ya rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Biashara ndogo zimeachiwa wazawa. Kwa hiyo nyumba ya wageni ya vyumba vitatu, mgahawa mdogo au kukodisha pikipiki si kazi ya mgeni. Ni riziki ya wanakijiji, na sheria inawalinda.

Basi nafasi iko wapi?

Ipo, ila inaanza kwa kushirikiana.

Moja ni kuleta wageni. Wakala wa safari anayeweza kuleta makundi madogo ya kulala siku mbili tatu, siku za kazi, analeta kile kijiji kinachokitaka.

Mbili ni kununua mazao yaliyosindikwa. Kiwanda kidogo cha chokoleti kinahitaji mnunuzi wa kudumu na msaada wa vifungashio na viwango kuliko kinavyohitaji mmiliki mpya.

Tatu ni ubia na kampuni ya kijiji. Sheria ya vijiji ya Indonesia, namba 6 ya mwaka 2014, inaruhusu kijiji kuwa na kampuni yake, inayoitwa kwa kifupi BUMDes, na tangu 2021 kampuni hizo zina hadhi kamili ya kisheria. Yaani zinaweza kusaini mkataba, kukopa na kushitakiwa. Ila mambo makubwa hupitia mkutano wa kijiji, na mkutano wa Kijava hauna haraka. Watu huongea mpaka wakubaliane. Anayetaka saini ndani ya wiki moja atarudi mikono mitupu.

Si kila kitu ni shwari

Mwaka 2020 janga la korona lilifunga vivutio na mipaka ya Indonesia. Mapato ya utalii yalikatika ghafla, na waliokuwa na shamba na mbuzi ndio waliopata pa kushika. Lilikuwa somo chungu kwa kila kijiji cha utalii nchini humo.

Pia kuna mvutano usiokwisha. Kila kizazi kipya kinataka kipato kikubwa zaidi, na njia ya mkato ipo wazi: shusha kiingilio, fungua lango, jaza mabasi. Vijiji vingi vya Java vimeifuata na vimechakaa ndani ya miaka michache, picha mpya ilipopatikana kwingine.

Nglanggeran wamejaribu njia zote mbili na wanazo hesabu za zote mbili. Watu 325,000 waliwaletea bilioni 1.4. Watu 173,000 wakawaletea bilioni 1.8.

Anayekwenda kule na mpango wa kuongeza watu tu, ajiandae kujibu swali kwenye mkutano wa kijiji: hao wengine tutawalaza wapi, na takataka zao atazoa nani?